Jongoo bahari si jongoo: namna ya kumweka mnyama katika faila yake

Swali ni hili: kwa nini vitabu vinamweka jongoo bahari faila moja (faila ni kundi kuu la wanyama) na kiti cha pweza, yule mwenye umbo la nyota, huku jongoo wa shambani yuko na kaa, na pweza mwenyewe yuko na konokono? Ndugu yangu, majina yetu ya pwani yalifuata sura. Faila hufuata jinsi mwili ulivyojengwa.

Maji ya bamvua yakipwa pale Nyali, Mombasa, mgeuze kiti cha pweza humohumo kwenye kidimbwi. Chini ya kila mkono pana mfereji uliojaa vijiguu laini vinavyoshika na kuachia. (Ndani ya hifadhi usiguse wala kuchukua kitu, tazama tu.) Jongoo bahari naye ana mistari 5 ya namna hiyo kutoka mdomoni hadi nyuma, ila ile ya mgongoni mara nyingi imegeuka vinundu.

Ushahidi mzito zaidi umo ngozini. Kata kipande cha milimita 2 cha jongoo bahari aliyekaushwa, kiweke kwenye kioo cha hadubini, dondoshea matone 2 ya klorini ya kufulia. Ngoja kama dakika 10 hadi nyama iyeyuke. Ongeza maji safi, acha chembe zitulie, nyonya maji kwa ncha ya karatasi laini. Rudia mara 3, polepole, la sivyo utazinyonya zote. Ukikuza mara 100 utaona vipande vya chokaa: vingine kama vifungo vya shati vyenye matundu, vingine kama vimeza. Hiyo ndiyo alama ya Ekinodermata, faila ya jongoo bahari na kiti cha pweza. Wengi huharibu kwa kutumia siki au ndimu, au kipande kilichokaa sana kwenye formalini (dawa ya kuhifadhia) iliyogeuka asidi. Asidi hula chokaa, kioo kinabaki kitupu, na mtu anaandika "mnyoo". Tena siki na klorini zisikutane kabisa, hutoa gesi ya sumu.

Pweza ni rahisi, jikoni panatosha. Katikati ya mikono 8 pana mdomo mgumu kama wa kasuku. Upasue: ndani yake kuna utepe mwembamba wenye safu za meno, radula, uleule wa konokono. Ngisi ukimvuta kile kitu kiangavu kama plastiki cha mgongoni, umeshika mabaki ya kombe. Wote ni Moluska.

Wanaopotosha zaidi ni wale wa magamba makali (kwa Kiingereza barnacles) wanaonata kwenye nguzo za gati na matumbo ya mashua. Hata wataalamu waliwahesabu pamoja na chaza, mpaka mtafiti John Vaughan Thompson alipoonyesha mwaka 1830 kwamba watoto wao huogelea kama watoto wa kamba. Weka jiwe lenye nao kwenye glasi ya maji ya bahari, ulitulize: gamba litafunguka, miguu yenye viungo itoke kupepea chakula. Athropoda, ndugu mmoja na jongoo wa shambani.

Idadi ya faila za wanyama, yapata 35, hubadilika kwa sababu DNA huendelea kuzipanga upya. Sipunkula, minyoo wa baharini waliokuwa na faila yao, sasa huwekwa ndani ya Anelida, faila ya minyoo wenye pingili. Na kama alivyofanya Thompson, mnyama mzima akikushinda, mtafute angali mchanga. Asidia, mnyama wa baharini aliyenata mwambani, utamdhania sifongo, lakini kiluwiluwi chake kina mkia wenye notokodi (ufito wa kutegemeza mwili), na faila yake ni Kordata, yetu sisi.