Uliza Shangazi: Waomani wanakula tende kilo ngapi?

*Shangazi, asalaam aleikum. Shemeji yangu yuko Maskati mwaka wa tatu huu anaendesha lori. Alipokuja Lamu mwezi uliopita akakaa barazani akatuambia eti kule mtu mmoja anakula tende kilo 70 na zaidi kwa mwaka. Wazee wakambishia mpaka kahawa ikapoa. Ni kweli? Na kama ni kweli mbona sukari haijawamaliza? Msomaji, Langoni, Lamu*

Waaleikum salaam mwanangu. Shemeji yako hakudanganya, ila hesabu imemchanganya, na si yeye peke yake. Omani inavuna kama tani 370,000 za tende kwa mwaka na watu walioko pale ni kama milioni 5, sasa mtu akichukua simu akagawanya anapata kilo 74 kila kichwa, basi anaona ameshamaliza. Lakini kuvuna si kula! Kama nusu tu ya zile tende ndiyo inayoliwa na binadamu, nyingine wanapewa mbuzi na ng'ombe na ngamia, nyingine inabaki inaharibika inatupwa, inauma lakini ndivyo. Tena kuna zile wanazoziita Mabsali, hizo zinachumwa bado za manjano, zinachemshwa kwenye masufuria makubwa, zinaanikwa juani, halafu nyingi zinapelekwa India. Sasa hizo zote ukimhesabia Mwomani unamuonea bure.

Ukitoa nusu unabaki na kilo 37 hivi. Na hapo bado umewatia Wahindi na Wabangali na hawa vijana wetu wa malori, maana karibu watu 4 katika kila 10 walioko Omani ni wageni, na wengi wao tende si chakula chao cha kila siku. Kwa hiyo Mwomani mwenyewe lazima yuko juu ya hapo, na mtu akinitajia kilo 50 mpaka 60 kwa mwenyeji mimi simbishii.

Hebu sasa zichukue zile kilo 37 uzigawe kwa siku 365, unapata gramu mia moja na kitu. Juzi nilitoa mizani yangu ya jikoni nikapima tende kavu za dukani hapa Malindi, 10 zikawa gramu 92 na kokwa zake. Yaani ni tende 11 kwa siku. Ukisikia kilo 37 unashtuka, lakini tende 11 si ndizo tunazozimaliza Ramadhani kabla hata sahani ya kaimati haijafika?

Na mimi nataka hapa unisikilize vizuri, manake tofauti yetu na wao haiko kwenye kilo, iko kwenye namna ya kula. Mwomani hali tende zake za siku kwa mpigo. Asubuhi anakula 3 na kahawa, mgeni akibisha hodi 2 au 3, baada ya Alasiri tena, na yule mgeni anaongezewa kahawa mpaka akitikise kikombe ndiyo mwenyeji ajue ametosheka. Kahawa yenyewe ni chungu, ina iliki, haitiwi sukari hata chembe, kikombe kidogo kama hivi vyetu vya muuza kahawa wa dele. Tende ndiyo sukari yake. Sisi je? Tende tunazipanga sinia zima la futari, pembeni uji wa sukari, sharubati, kaimati zinazoogelea kwenye shira, chai ya maziwa, halafu Shawwali ikiandama tende tunaisahau mpaka mwaka mwingine. Mimi hili linaniumiza kwa sababu tende si kitu kigeni kwetu, majahazi ya Ghuba yalikuwa yanakuja na kaskazi yamejaa tende kwenye makanda, yakarudi na kusi yamepakia boriti za mikoko ya Lamu. Na wazee wakitaka cha kuongezea barazani waambie ile meli iliyoitwa Sultana, iliyopelekwa New York mwaka 1840 na Sayyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, ilibeba magunia 1,300 ya tende.

Sukari sasa. Si kweli kwamba hawaugui, Ghuba nzima kisukari kimewashika watu vibaya, ila usiitwishe tende mzigo wote, kuna soda, kuna wali usio na mwisho, kuna kukaa kutwa kwenye gari lenye eisi. Tende kavu karibu thuluthi mbili ya uzito wake ni sukari, hilo tusidanganyane. Lakini mwaka 2011 watafiti wa Imarati walipima aina 5 za tende kwa watu wasio na kisukari na kwa wenye kisukari wakakuta sukari ya damu haikuruka vile watu wanavyoogopa. Hiyo si ruhusa ya kubugia. Mwenye sukari amuulize daktari wake ale ngapi, na akila tende basi chai yake isiguswe na kijiko cha sukari. Mamangu alikuwa nayo hiyo sukari, alikuwa anapasua tende moja kwa kisu mara nne, anatoa kokwa, anakula kipande kimoja kwa kila kikombe, na sikumbuki siku aliyoikosa.

*Shangazi, nilipanda kokwa ya tende nyuma ya nyumba, mti umenipita urefu lakini hauzai. Tatizo ni nini? Msomaji, Shela, Malindi*

Pole dada. Ukipanda kokwa hujui utapata dume au jike, ndiyo maana wenye mashamba hawapandi kokwa, wanang'oa chipukizi la mtende jike unaojulikana. Maua yakitoka yatazame: ya dume ni meupe kama punje za mchele na ukiyatikisa yanamwaga unga, ya jike ni kama shanga ndogo za duara. Kama ni jike itabidi utafute unga wa dume uyapake kwa mkono, kule Omani wanapanda juu ya kila mtende kufanya kazi hiyo. Na hata yakishika, mtende unataka jua kali na hewa kavu, mvua zetu na unyevu wa bahari zinaozesha tunda kabla halijaiva, kwa hiyo yachume yakiwa manjano uyale hivyo hivyo.