Maswali ya wasomaji: Shamba la kaskazini ukiwa unaishi Dar

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wa Dar wanaotaka eka mbili tatu huko juu, kwenye miji midogo. Tumejibu sita.

Nakaribia kustaafu, naishi Kimara. Nina akiba ya eka mbili na nyumba ndogo. Madalali wananitajia Same, Longido na Karatu. Nianze na upi?

Shikamoo mzee. Kabla ya mji, chagua kwanza mwezi wa kwenda. Kaskazini vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Dalali atakualika Mei, majani yakiwa kiunoni na kila korongo linatiririka. Wewe panda basi Mbezi mwishoni mwa Septemba. Uliza bombani maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na dumu la lita 20 linauzwaje siku yasipotoka. Ukikuta punda wenye madumu barabarani alfajiri, wafuate. Watakufikisha kwenye chanzo ambacho dalali hakukitaja.

Same uko kwenye lami ya Dar–Arusha, na kwa mtu wa Dar hilo ni jambo kubwa. Lakini mji wenyewe uko upande wa milima ya Upare usiopata mvua. Usinunue pale kwa kutegemea mahindi ya mvua. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe huchota Bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa hiyo ulizia bomba lake limefika mtaa gani hasa, maana tofauti ya kilomita mbili ndiyo itakayoamua maisha yako. Kama shabaha ni kulima, vuka milima uangalie Ndungu, kwenye mpunga wa umwagiliaji. Hifadhi ya Mkomazi iko jirani, hivyo waulize wenyeji tembo hupita wapi.

Karatu una baridi nzuri na udongo wa kahawa, ila utalii wa Ngorongoro umeshapandisha bei. Longido ni nchi ya mifugo. Eneo unaloliona tupu Aprili, bila boma wala uzio, laweza kuwa alalili, malisho yanayotunzwa kwa ajili ya kiangazi. Septemba utakuta ndama wamejaa, na ukijenga hapo umenunua ugomvi wa kijiji kizima. Kwa mstaafu anayetaka kulima kidogo na kuwa karibu na lami, sisi tungeanza na Same, mahali bomba lilipofika.

Popote utakapokwenda, piga hesabu ya paa. Mita 80 za mraba zikipata milimita 500 za mvua kwa mwaka, baada ya upotevu unavuna kama lita 32,000. Watu wanne wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, kiangazi cha siku 150 kinataka lita 12,000. Matangi mawili ya lita 5,000 yatapungukiwa kidogo, matatu yanatosha. Wengi hununua tanki moja la lita 2,000, likajaa kwa mvua mbili, halafu maji yote ya masika yanamwagika chini huku wanatazama.

Nimeonyeshwa shamba lenye kisima kirefu upande wa Ngare Nanyuki. Maji ni meupe kabisa, ila watoto wa pale wana meno ya kahawia. Kuna uhusiano?

Upo. Hayo ni madini ya floridi, yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Hayana rangi, harufu wala ladha, ndiyo maana maji yanaonekana safi. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Anayeathirika zaidi ni mtoto chini ya miaka minane, kwa kuwa meno yake ya utu uzima bado yanajitengeneza ndani ya ufizi. Wakizidi kunywa kwa miaka mingi, hata mifupa hupinda.

Pima kabla ya kulipa hata senti. Chukua chupa safi ya plastiki ya lita 1, usitumie ya kioo kwa kipimo hiki. Acha pampu iende dakika kama kumi, suuza chupa mara tatu kwa maji hayo hayo, jaza, andika tarehe na mahali, peleka maabara ya ubora wa maji ya mkoa. Usikubali majibu ya kisima cha jirani. Visima viwili vya kijiji kimoja hutofautiana sana.

Kuchemsha hakusaidii, tena kunaongeza, kwa sababu maji hupungua na floridi inabaki. Chujio la kawaida la mshumaa nalo haliiondoi. Mkaa wa mifupa, unaofanyiwa kazi kwa miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huinasa, lakini huchoka na lazima ubadilishwe, la sivyo unachuja hewa tu. Njia nyepesi ni kuchanganya: ndoo moja ya kisima chenye miligramu 3 na ndoo moja ya mvua zinakupa 1.5. Kunywea na kupikia tumia mchanganyiko huo, kufua na kuoshea tumia kisima. Na magadi ya kulainishia makande yapunguze, nayo yana floridi yake.

Muuzaji ana karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti wa kijiji na mashahidi wawili. Inatosha?

Haitoshi, dada, na hapa ndipo watu wa Dar wanapoliwa sana, kwa sababu wamezoea mambo ya serikali ya mtaa.

Anza kwa kujua unanunua ardhi ya aina gani. Ndani ya mji mdogo uliopangwa, kiwanja kina ramani ya upimaji, namba na kitalu. Nenda ofisi ya ardhi, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ujue jina lililoandikwa na kama kuna mkopo wa benki juu yake. Nje ya hapo, kilomita tatu tu kutoka stendi, mara nyingi umeshaingia ardhi ya kijiji, inayoongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Huko mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kugawa wala kuuza. Halmashauri ya kijiji ndiyo hugawa, tena baada ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Hata mwanakijiji akikuuzia shamba lake la urithi, halmashauri ya kijiji lazima iidhinishe. Mahakama ya Rufani imeshaamua kwamba mauziano bila idhini hiyo ni batili, hata kama fedha zimelipwa na shamba limeshapandwa.

Kwa hiyo omba kitabu chenyewe cha mihutasari, usiridhike na nakala. Tafuta ajenda inayotaja shamba lako, ukubwa wake na majirani wa pande nne, kisha fungua karatasi ya mahudhurio. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25. Ukikuta saini sita, kikao hicho kina maswali. Angalia tarehe pia. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 24, 2019 na Novemba 27, 2024. Muhtasari wa 2023 uliosainiwa na mwenyekiti aliyeingia kwa mara ya kwanza baada ya Novemba 2024 umeandikwa juzi. Kosa hili hutokea kuliko unavyodhani, kwa sababu wanaoghushi hukumbuka muhuri na kusahau kalenda.

Uliza pia kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi bora ya ardhi. Bila mpango hujui kama eneo lako ni la makazi, kilimo au malisho, na mpaka wa vijiji viwili usiotulia utakufikisha barazani. Mwenza wa muuzaji asaini ridhaa mbele ya wakili. Fedha zozote za kijiji au halmashauri zipewe namba ya malipo ya serikali na stakabadhi. Akikwambia "nipe mkononi, nitakuandikia", rudi kwenye basi.

Ukishamaliza, omba hati ya haki miliki ya kimila. Makaratasi ya mauziano yaliyokaa kabatini Tabata hayamzuii mtu mwingine kuuziwa shamba hilo hilo.

Eka ni "hatua 70 kwa 70". Hatua za nani?

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Eka moja ni mita za mraba 4,047, yaani kama mita 63.6 kila upande. Ili hatua 70 zifike hapo, kila hatua iwe na sentimita 91, mwendo wa mtu mrefu anayejitanua. Hatua ya kawaida ni kama sentimita 75. Piga hesabu: hatua 70 zinatoa mita 52.5, ukizidisha kwa 52.5 unapata mita za mraba 2,756, kama theluthi mbili tu za eka. Umelipia eka tatu, umepata mbili.

Nenda na kamba ya kupimia ya mita 50. Pima pande zote nne na ulalo mmoja, kwa sababu shamba lenye pande sawa laweza kuwa limepinda na eneo lake likapungua. Simu yenye ramani itakuonyesha umbo, ila hukosea mita 3 hadi 5 kila kona, na kwenye eka moja hilo si dogo. Kabla ya malipo ya mwisho mwite mpima ardhi mwenye leseni, aweke mawe ya mipaka majirani wakiwa wamesimama pale pale. Jirani asiyekuwepo siku hiyo ndiye atakayelalamika baadaye.

Kipande karibu na mto ni cha bei nafuu na kina kijani mwaka mzima. Kuna hila?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kwenye barabara kuu na za mkoa hesabu mita 30 kutoka katikati ya barabara, kila upande. Kipande kinachobanwa na mto huku na lami kule kinaweza kubaki na nafasi ya banda la kuku.

Korongo kavu lihofu vilevile. Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang yalishuka hadi Katesh na zaidi ya watu 80 wakafa. Chini ya mlima, tazama mawe makubwa ya mviringo yaliyotawanyika shambani. Hayakuota pale, yaliletwa na maji. Jenga juu zaidi, au tafuta kwingine.

Mume wangu ni Mkenya. Tunaweza kuandika kiwanja cha Namanga, upande wa Tanzania, kwa majina yetu wote?

Hapana. Asiye raia hupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa tu, na soko la pamoja la Afrika Mashariki halikubadilisha hilo. Andika jina lako peke yako.