Debian 12 haioni kadi ya sauti

Ndugu, umesema laptop yako ilitoa sauti vizuri kwenye Windows, ukaweka Debian 12, mfumo wa Linux, ikawa bubu, imebaki “Dummy Output” tu, yaani kifaa cha sauti cha bandia. Usihangaike kufuta na kusakinisha upya PulseAudio, programu inayosimamia sauti; huko ni kupoteza bando. Fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, uandike kwanza aplay -l, inayoorodhesha kadi za sauti. Ikijibu “no soundcards found” (hakuna kadi ya sauti), jaribu lspci | grep -i audio, inayotafuta kifaa cha sauti ndani ya kompyuta. Kadi ikitajwa hapo, kompyuta inaiona, ila huenda imekosa fimuwea, programu ndogo inayokiwezesha kifaa kufanya kazi. Laptop nyingi za Intel za miaka hii zinahitaji hii:

sudo apt install firmware-sof-signed

Kisha zima, uwashe tena. Apt, kisakinishi cha programu cha Debian, ikidai haiijui pakiti hiyo, ongeza non-free-firmware (sehemu ya hazina ya Debian yenye fimuwea zisizo huru) kwenye faili la /etc/apt/sources.list, halafu sudo apt update, kisha rudia amri ya kusakinisha. Lspci isipotaja kitu, kaangalie BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla mfumo haujawaka, sauti huweza kuzimwa hukohuko.