Kamisheni ya kupeleka wasichana Saudia

SWALI: Assalaam aleikum Sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Likoni, na mume aliniacha mwaka wa pili huu. Natafutia wasichana ofisi moja inayopeleka wafanyakazi wa nyumbani Saudia. Sina mshahara. Msichana akishapanda ndege ndipo napewa shilingi 15,000. Asiposafiri, sipati hata nauli niliyotumia kumfuata kwao. Akirudi kabla ya miezi mitatu, ofisi hunikata pesa hiyo. Ustadh mmoja ameniambia kazi isiyo na mshahara ni gharari, yaani mapatano yasiyo na uhakika, haramu. Mwenye ofisi, naye amesoma dini, anasema ni halali tupu: wasichana ni watu wazima, wametia sahihi wenyewe, na yanayowapata huko ni kadari. Msichana niliyemtoa Kinango hunipigia usiku akilia. Leo ana siku arubaini, nami humwambia avumilie. Silali. Je, ninachowalisha wanangu ni halali?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, ningeweza kukujibu habari ya kamisheni kwa mstari mmoja nikanyamaza. Lakini huyo msichana amenikaa moyoni, na maneno ya mwenye ofisi nayasikia siku hizi hata kwa watu wa safu ya kwanza.

Ustadh aliyekuharamishia amekosea, ingawa nia yake naidhania kheri. Malipo yanayofungamana na kukamilika kwa kazi yana mlango wake katika fikihi, elimu ya sheria ya dini, nao huitwa ju'ala, na sisi Mashafi, watu wa madhehebu ya Imamu Shafi, twaujua vyema. Katika Sura Yusuf iliahidiwa shehena ya ngamia kwa atakayekileta kikombe cha mfalme, pasi na mshahara wala siku za kuhesabu. Na masahaba waliokuwa safarini walishurutisha kondoo ndipo mmoja wao amsomee Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na nge. Akapona, wakalipwa, na Mtume, swallallahu alayhi wasallam, akaridhia. Mahanafi, watu wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, wameubana mlango huu, pengine huko ndiko ustadh huyo alikochukua. Kwetu ujira ndio unaotakiwa ujulikane, na wako unajulikana.

Kauli ya mwenye ofisi ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu imevaa kanzu.

Anasema wametia sahihi. Juu ya nini? Msichana aliyeishia darasa la saba hupewa karatasi za Kiingereza na Kiarabu, gari la uwanja wa ndege likimngoja nje, akaonyeshwa mahali pa kuweka jina. Je, aliambiwa kwamba chini ya kafala, mfumo wa udhamini wa mwajiri, ikama yake, yaani kibali cha kuishi huko, imefungwa kwa mwajiri, na kwamba akitoka nyumba ile bila idhini aweza kuripotiwa mtoro? Aliambiwa kuwa simu yaweza kuchukuliwa? Aliambiwa ni nyumba ya watu wanane, au aliambiwa ni ya bibi kizee mmoja? Ridhaa katika sheria yetu ni ya anayejua anachoridhia. Mnunuzi wa mbuzi aliyefichwa kilema ana haki ya kumrudisha mbuzi. Iweje binti wa watu aliyefichwa maisha yake mwenyewe asiwe na haki ya kurudi?

Ama kuitaja kadari, hiyo ni jeuri juu ya Mwenyezi Mungu. Mtume alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta umajimaji ndani. Akamuuliza mwenye mali, naye akajibu: imepatwa na mvua. Jibu la kweli kabisa, maana mvua ni ya Mungu. Lakini Mtume akamwambia, mbona hukuiweka juu watu waione? Kisha akasema, anayedanganya si katika mimi. Mvua ilikuwa kadari. Kuificha ilikuwa kazi ya mikono yake. Mwajiri mkali aweza kuwa mtihani wa Mungu, lakini kumwambia msichana kuwa huko hakuna shida ni maneno yenu ninyi, na mtayajibu ninyi.

Kisha liko sharti la miezi mitatu. Msichana akipigwa au akinyimwa mshahara akarudi siku ya hamsini, wewe kazi yako ulishaimaliza, na kukukata pesa ni dhulma. Tena sharti hilo limefanya shilingi 15,000 zako zikae juu ya kimya chake. Unapomwambia avumilie, unajua mwenyewe kama unamhurumia yeye au unaihurumia pesa. Siihukumu nia yako. Usiku unaokosa usingizi wanitosha kukujua.

Kuhusu mwanamke kusafiri bila maharimu, jamaa wa kiume asiyeweza kumuoa, hukuniuliza, na lina maneno marefu. Ila baba yake au walii wake, yaani msimamizi wake, aambiwe ukweli uleule, si hadithi nyingine.

Basi chakula cha wanao: uliyemweleza ukweli akaenda kwa hiari yake, kamisheni yake ni halali kwako, kula pasi na wasiwasi. Uliyempata kwa uongo, toba yake haiishii kwenye istighfari, kumwomba Mungu msamaha, kwa kuwa ni haki ya mtu. Mimi naona pesa hiyo imrudie yeye, kidogo kidogo kadiri unavyoweza, hata iwe muda wa simu kwa mama yake. Simaanishi watoto walale njaa.

Najua ukisema kweli wengi watakataa, na mwezi utapita mikono mitupu. Kwa hiyo usiitegemee kazi hii peke yake. Anza hata na meza ya mahamri asubuhi, na kamati ya zaka ya msikiti wenu ikujue, maana wewe ni katika wanaostahiki. Hakikisha kwa NEA, mamlaka ya ajira, kwamba ofisi hiyo imesajiliwa. Ikikuzuia kusema ukweli, iache.

Na usiku huu, binti huyo akipiga, usimwambie avumilie. Muulize kama amepigwa, kama amelipwa, kama anakula, na yuko mji gani. Andika majibu, yapeleke asubuhi kwa wazazi wake na kwa ofisi, na ofisi ikizubaa, ubalozi wetu uko Riyadh. Kama utakatwa 15,000, wacha zikatwe.

Wallahu aalam.