Msusi mwenzangu, dai jina lako kabla hujashika chanuo

Juzi usiku mdogo wangu mmoja msusi kaniandikia inboksi, eti dada, mteja wangu mzungu mwenye mafolowa kibao kaposti nywele nilizomsuka, kazipa jina la ajabu na mimi hajanitaja popote, nifanyeje? Nilikaa na simu mkononi muda mrefu bila kujibu maana kidonda changu kiliamka.

Mimi nasuka hapa Houston, ila kazi nilifundishwa na bibi Tanga, mistari ya twende kilioni naisuka tangu niko darasa la pili. Mwaka juzi akaja binti wa kizungu, infuluensa, kajipaka rangi ya kahawia mpaka shingoni, midomo kaizungushia wanja kama dada zetu wa miaka ya tisini, anataka mistari ya Wafulani, wale watu wa Afrika Magharibi, na shanga zake. Nimesimama saa sita, miguu imevimba, na bei nikampunguzia kwa sababu aliniahidi atanitangaza. Kesho yake video imepanda, watu wanamuuliza huo ubunifu kautoa wapi, anajibu wazo lake mwenyewe! Nikamwandikia kwa upole, akanibloku. Nililia jamani.

Na hii haijaanza leo. Mwigizaji mweusi Cicely Tyson alishatokea na mistari mbele ya Wamarekani miaka ya nyuma, lakini mpaka mwigizaji mzungu Bo Derek alipoisuka kwenye filamu 1979 ndo ikaitwa fasheni. 1981 Renee Rogers, mwanamke mweusi mfanyakazi wa shirika la ndege, akashindwa kesi ya kudai haki ya kusuka mistari kazini, na kwenye hukumu wakaandika kabisa kwamba alianza kuja nayo muda mfupi baada ya mwigizaji mzungu kuuvumisha huo mtindo. Yaani kichwa chake mwenyewe kaambiwa kaiga! 2018 Kim Kardashian, nyota wa televisheni, naye kasuka ya Wafulani akaiita ya Bo Derek. Hapa Texas sheria ya kutulinda tusibaguliwe kwa nywele zetu kazini na shuleni imeanza Septemba 2023, juzi tu hapo, wakati wazungu walishalipwa zamani kwa nywele hizo hizo.

Kwa hiyo mdogo wangu, makubaliano ya kutajwa jina yafanyike mteja hajakaa kwenye kiti. Rekodi mikono yako tangu unagawa nywele, posti wewe kwanza, na mtindo uuite kwa jina lake la asili. Usipunguze bei kwa ahadi, narudia, usipunguze! Na nyie dada zangu mnaosambaza video za hao mainfuluensa huku za wasusi wenu mnazipita, mnatuumiza kuliko hao wageni.

Wiki iliyopita kaja mwingine wa aina ile ile, nikamwambia sharti langu, akanuna, akaondoka. Kiti nikampa binti wa jirani anayeenda graduesheni. Wewe mdogo wangu, video ya kusuka nywele za yule mteja unayo? Iposti leo leo halafu nitumie linki niisambaze.