Mlango wa gari kwenye City Lights

Mkuu, umeuliza filamu bubu za mapenzi ziliwezaje kumfanya maskini adhaniwe tajiri, au tajiri adhaniwe maskini, bila mtu kusikika akisema neno. Jibu nililipata sebuleni na mama, tukiangalia City Lights ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1931.

Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo maandishi ya kwenye picha nilikuwa namsomea. Ila pale mwanzoni hakunisubiri. Chaplin, mzururaji mwenye nguo kuukuu, anavuka barabara iliyosongamana magari. Anakatiza ndani ya gari la kifahari: anaingia mlango huu, anatokea mlango wa pili, anaufunga. Hapo ameketi binti kipofu, anauza maua. Kasikia mlango, basi anamnyooshea ua akijua ni bwana mkubwa. Mwenye gari anapanda, gari linaondoka, na binti anaita mteja wake arudi achukue chenji. Mama akasema, "Maskini, kadhani gari lake!"

Kipande hicho Chaplin alikirudia zaidi ya mara 300, na namwelewa. Utajiri wote wa mtu umebebwa na mlango mmoja. Tungemsikia akiongea, lafudhi ingemuumbua siku ileile.

Linganisha na My Best Girl ya 1927. Mary Pickford ni mfanyakazi wa stoo dukani, na kijana anayempenda ni mtoto wa mwenye duka, kaja kazini kwa jina la uongo. Ni filamu tamu, ila kijana akichoka kujificha, nyumbani kuna chakula cha moto. Mzururaji uongo unamgharimu. Rafiki yake milionea akilewa humkumbatia. Pombe ikimtoka, hamjui. Hela anazompa akiwa amelewa, za matibabu ya macho ya binti, zinampeleka jela kwa kudhaniwa kaziiba.

Akitoka, binti anaona na ana duka la maua. Kila kijana nadhifu akiingia, anadhani ndiye. Huyu wa matambara anamhurumia tu, anampa ua na sarafu, na anapoishika mikono yake ndipo vidole vinamtambua. Filamu inaishia hapo, kwenye nyuso zao.

Mama mpaka leo ananiuliza kama binti alimchukua.