Propela ya mapanga mawili au matatu: niliyoyaona kwenye ndege yangu ya kujiundia

Mkuu, umeuliza kama ukitoa propela ya mbao ya mapanga mawili ukafunga ya kaboni ya mapanga matatu ndege itapanda vizuri zaidi, kwa kuwa jamaa yako kafanya hivyo na "ndege imekuwa nyingine kabisa". Hata mimi niliwahi kuwa jamaa huyo. Nilitangaza uwanja mzima, kumbe najidanganya.

Yangu ni Zenith CH 701, injini Rotax 912 ULS ya hosipawa 100, na nyumbani ni Arusha. Uwanja uko zaidi ya futi 4,500 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 25 hewa inakuwa nyepesi kama uko futi 6,800. Kwa hali hiyo kosa la propela halijifichi. Ukishuka Tanga, hata propela mbovu inakubeba.

Ile ya mbao, tukiwa wawili, ilipanda futi 450 kwa dakika. Nikafunga mapanga matatu, ikawa 620. Sherehe.

Sasa kuna mzee mmoja fundi, maneno yake machache. Akaniuliza, "Kijana, ile ya mbao ilikuwa inazungusha ngapi?" Nikamjibu injini mizunguko 5,200 kwa dakika, throtoli mwisho, ndege imefungwa chini. Akaguna, akaenda kuleta takometa ya mwanga, kile kifaa kinachohesabu mizunguko ya propela kwa kuyaona mapanga yakipita. Kabla ya yote aliielekeza kwenye taa ya tyubu ya karakana: umeme wetu ni wa mizunguko 50, kwa hiyo tyubu inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, yaani 6,000 kwa dakika, na takometa ikiwekwa mapanga mawili inagawa kwa mbili, lazima isome 3,000. Ikasoma 3,000. Tukairudisha ya mbao, tukafunga ndege kwa kamba kwenye Land Cruiser, nikasukuma throtoli. Propela: 2,050. Giaboksi ni 2.43, yaani injini inazunguka mara 2.43 propela ikizunguka mara moja, zidisha: 4,980. Saa ya dashibodi bado inang'ang'ania 5,200!

Kumbe mlalo wa yale mapanga ya mbao, pichi yake, ulikuwa mkali mno. Injini ilikuwa kama fuso la magunia linalopanda Kitonga kwa gia ya nne. Hizo hosipawa 100 zinapatikana kwenye 5,800, na Rotax wenyewe hawataki throtoli iwe mwisho chini ya 5,200. Ile mpya nilikuwa nimeilegeza pichi, injini ikapumua. Nilicholinganisha ni pichi, idadi ya mapanga haikuhusika.

Nikaazima propela ya mapanga mawili inayorekebishika. Zote mbili nikazipangia pichi kwa kipimo cha pembe cha kidijitali, nukta ileile kwenye kila panga (panga moja likipishana na mwenzake hata nusu digrii utasikia mtikisiko kwenye kiti), mpaka kila moja ikafika 5,600 halisi tukiruka usawa, throtoli mwisho. Halafu asubuhi mbili tulivu zinazofanana joto, saa kumi na mbili na nusu, mafuta yaleyale, abiria yuleyule, mdogo wangu, akiwa na saa mkononi. Kupanda kutoka futi 6,000 hadi 8,000: mapanga mawili dakika 3 na sekunde 20, matatu dakika 3 na sekunde 25. Mwendo wa safari, kwa GPS pande nne nikitafuta wastani ili upepo usinidanganye, mawili yalizidi kwa kilomita 3 hivi kwa saa. Sitabishana na mtu kwa kilomita 3.

Matatu nimebaki nayo hata hivyo. Mtetemo umepungua mpaka sindano za dashibodi zimetulia, na kwa kuwa ni mafupi kidogo, viwanja vya kokoto havinitishi sana.

Hela yako usiitoe kwanza. Azima takometa, uniletee namba mbili: ndege ikiwa imefungwa, na ikiruka usawa, throtoli mwisho zote. Na chonde, pima ukiwa umekaa ndani, kupitia kioo cha mbele. Usimruhusu mtu asogelee propela inayozunguka eti anasoma namba.